Printa ya lebo ya 100 kwa 150 kwa sisi tunaotuma mizigo mikoani: inalipa, ila panga oda zako kwanza

Niende moja kwa moja kwa wenye haraka. Kama unauza mtandaoni na unatuma mizigo kama kumi hivi kwa siku kwenda mikoani, nunua printa ya lebo, ile kubwa inayotoa stika ya milimita 100 kwa 150, usihangaike na kile kidogo cha risiti. Kama unatuma mzigo mmoja mmoja, mara mbili kwa wiki, makapeni na karatasi ya A4 bado vinakutosha kabisa, hela yako iongezee stoko. Hayo ndo maoni yangu, sasa wenye muda tukae tuongee vizuri maana hizi printa watu wanaziposti sana zikitema stika chap chap kwenye video, alafu hawasemi kitu kilicho kikubwa zaidi, kwamba muda unaouokoa hautoki kwenye kasi ya printa, unatoka kwenye kuandika taarifa za mteja mara moja tu, tena aziandike mteja mwenyewe kwa mkono wake.

Mimi nauza madera, mitandio na mashuka, nipo Dar, na wateja wangu wengi wako mikoani. Safari ya mzigo wa mkoani mnaijua. Mteja anakuja DM ya Instagram, anahamia WhatsApp, anatuma hela kwa lipa namba, anaandika jina na simu, wewe unaandika kwenye daftari, anayefunga anaandika kwenye mfuko kwa makapeni, boda anapeleka stendi, pale ofisi ya basi wanaandika tena kwenye kitabu chao na kukukatia risiti, alafu wewe unarudi kumwandikia mteja meseji ya basi gani, namba ya gari na litafika saa ngapi. Hesabu hapo namba moja ya simu imenakiliwa mara ngapi. Na kila inaponakiliwa na mtu aliyechoka saa mbili usiku, sifuri inaweza kugeuka sita na moja ikawa saba. Tarakimu moja tu ikikosewa mzigo unafika Mwanza salama salimini alafu unalala ofisini, wanampigia mtu mwingine kabisa anawaambia hajaagiza kitu, na mteja wako yuko nyumbani kwake anawaza umemtapeli. Hapo ndo biashara zetu zinakufia, kwenye uaminifu, maana mtu wa Sumbawanga aliyekutumia hela bila kukuona anataka kitu kimoja tu, mzigo ufike na apigiwe yeye.

Kwahiyo kabla ya printa nianze na oda, na hapa sitakimbia.

WhatsApp Business ni ya bure na ina majibu ya haraka, yaani unahifadhi maandishi marefu mara moja, ukiandika mkwaju (/) na neno fupi yanatokea yote. Mimi nimehifadhi fomu: jina kamili, simu ya kupokelea mzigo, mkoa, mji ambao mzigo unashushwa, basi unalopenda kama lipo, na bidhaa. Mteja akishalipa namtumia, anaikopi, anajaza, anarudisha. Wengine hawajazi, wanakutumia vois noti ndefu huku watoto wanalia kwa nyuma, sawa, hao unawajazia wewe alafu unawarudishia uwaambie "dada hakiki hapa tafadhali, namba na mji viko sawa?" na usifunge mzigo mpaka ajibu ndiyo. Kwenye hiyo hiyo WhatsApp Business kuna lebo za rangi za kubandika kwenye chati, mteja mpya, anasubiri kulipa, ameshalipa, oda imekamilika, zitumie, zinakusaidia kuona nani amelipa na hajajaza fomu bila kupanda na kushuka kwenye meseji zote.

Kutoka hapo nakopi na kupesti kwenye Google Sheets, mstari mmoja kwa mzigo mmoja, kolamu moja kwa kila kitu. Sasa sikilizeni hili kwa sababu linawatesa watu wengi na hawajui linatoka wapi: ukiandika namba inayoanza na 07 au 06 kwenye Excel au Sheets, ile sifuri ya mbele inapotea, programu inadhani ni hesabu na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Ukiweka +255 nayo inaweza kukubadilikia. Dawa yake chagua kolamu nzima ya simu, nenda kwenye muundo wa namba, weka iwe maandishi, na fanya hivyo KABLA hujaanza kuandika kwa sababu ukifanya baadaye sifuri zilizokwishapotea hazirudi zenyewe. Hiyo peke yake inakuokoa kuprinti lebo thelathini zenye simu za tarakimu tisa.

Kila mstari naupa namba ya oda kwa tarehe, mfano 1403-12 ni oda ya kumi na mbili ya tarehe 14 mwezi wa tatu. Namba hiyo inatokea kwenye lebo na kwenye meseji ya mteja, na mteja akipiga simu wiki ijayo unamwambia nitajie namba ya oda yako mpenzi, unaipata hapo hapo.

Alafu Word. Word ina sehemu inaitwa Mailings, inachukua jedwali lako na kulimwaga kwenye ukurasa uliouchora, mstari mmoja unakuwa lebo moja. Unatengeneza ukurasa wa milimita 100 kwa 150, kingo ndogo, unaweka nafasi za mji, simu, jina, oda, unaunganisha na faili la Excel (Sheets inakuruhusu kulishusha kama Excel), bonyeza, lebo zote za siku zinatoka mfululizo. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima kuipanga, baada ya hapo ni dakika chache tu kila siku. Kuna apu za simu nazo zinakuja na printa, zinafaa kwa lebo moja moja, ila kwa mafungu ni mateso, unaandika kila lebo kwa kidole, maana yake umerudi kule kule kwenye kunakili.

Sasa printa yenyewe. Sitaji nembo kwa sababu hizi mashine za kutoka China zinakuja na majina mengi na nyingine ukizifungua ndani ni kitu kile kile, wenye mfuko mnene wananunua Zebra, sisi wengine tunapambana Kariakoo. Inavyofanya kazi ni kwamba haina wino kabisa, wala katriji, wala tona. Karatasi yenyewe imepakwa dawa juu, kichwa cha printa kina vidoti vidogo vinavyopata moto, na pale moto unapogusa panageuka peusi. Nyingi zina vidoti 203 kwa inchi, yaani nane kwa kila milimita, kwahiyo maandishi na QR yanatoka safi na yanasomeka, ila picha au logo yenye vivuli vya rangi itatoka na madoa doa, logo yako ichorwe nyeusi na nyeupe tu. Kasi wanayotangaza ni kama milimita 150 kwa sekunde, yaani lebo nzima kwa sekunde moja, na kweli ipo hivyo, huna muda hata wa kunyoosha mkono.

Kutoka kwenye boksi mpaka lebo ya kwanza kukaa sawa kuna kero, tusidanganyane. Kero ya kwanza ni saizi ya karatasi, inatakiwa ilingane sehemu tatu: kwenye Word, kwenye draiva ya printa (ile programu inayoiunganisha na kompyuta), na ukiprinti kutoka PDF kwenye ile sehemu ya ukubwa, chagua ukubwa halisi, usiweke ijitoshee yenyewe. Sehemu moja ikibaki A4 unapata maandishi kama ya dawa ya mafua pembeni ya stika kubwa tupu. Kero ya pili ni printa kutema lebo mbili tatu nyeupe kila ukiprinti moja, hapo watu wengi wanarudisha printa dukani wakijua ni mbovu. Si mbovu. Kati ya stika na stika kuna nafasi ya kama milimita mbili au tatu, na ndani kuna sensa inayoisoma hiyo nafasi ili printa ijue lebo imeishia wapi, ukibadilisha aina ya rola ya stika lazima uifundishe upya. Kwenye nyingi unashikilia kile kitufe cha kusogeza karatasi mpaka ilie au taa iwake tofauti, inasogeza lebo chache, inajipima, basi. Soma kikaratasi chake kwa sababu zinatofautiana.

Bluetooth isikuvutie sana. Printa nyingi zinazoandikwa Bluetooth, hiyo Bluetooth ni ya simu kupitia apu yao, ukija kwenye laptopu unahitaji waya wa USB tu. Na kuna lugha za ndani, za kompyuta kuiamrisha printa, za risiti zinaongea ESC/POS, za lebo zinaongea TSPL au ZPL, ukinunua ya risiti ukitaka iwe ya lebo utahangaika nayo bure. Ukienda dukani uliza hivi: ina draiva ya Windows? Ya Mac kama unatumia Mac? Inakubali upana wa kuanzia ngapi mpaka ngapi? Alafu beba PDF ya lebo yako kwenye flashi na uwaombe wai-printi pale pale mbele yako kwenye kompyuta yao. Duka niliponunua mimi kijana aliyekuwa kaunta aliweka draiva, akapima rola, akaprinti lebo yangu kabla sijatoa hela, na nilipokwama nyumbani alinipokea simu usiku, huduma ya namna hiyo Kariakoo ipo ukiitafuta, na nakwambia ina thamani kuliko punguzo la elfu kumi.

Umeme. Hii kubwa inatumia adapta ya volti 24, haina betri ndani. Umeme ukikatika saa kumi na moja jioni na basi linaondoka alfajiri, unakaa. Mimi naprinti mchana, oda zikifika saa nane naprinti fungu la kwanza, zinazoingia baadaye zinasubiri fungu la pili, na kwenye kabati makapeni ipo na itaendelea kuwepo. Zile ndogo za milimita 58 zina betri yake, hapo zinaishinda hii, nitazirudia chini.

Lebo inaandikwaje? Hapa ndo nilitaka mfike, kwa sababu watu wananunua printa nzuri alafu wanaprinti logo kubwa, maua, "asante kwa kuniunga mkono", na mji umeandikwa kwa herufi za kutafuta na tochi. Msomaji wa lebo siyo mteja. Msomaji ni kijana wa ofisi ya basi, alafu konda anayefungua buti usiku wa manane kwenye stendi yenye taa moja, ana dakika mbili ashushe mizigo ya mji huo gari liendelee. Huyo anatafuta neno moja tu, mji. Kwahiyo juu kabisa, herufi kubwa kuliko zote, nene, zinazojaza upana wote wa lebo: KAHAMA. MAKAMBAKO. TUNDUMA. MASASI. Chini yake simu ya mpokeaji, kubwa, imekatwa kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu ili isomeke kwa sauti bila kupotea. Alafu jina. Alafu kwa herufi za kawaida simu yako wewe mtumaji, namba ya oda, na kama nauli ya mzigo imelipwa au analipa mpokeaji, hilo liandike wazi, NAULI IMELIPWA, lisije kuleta mabishano kule mwisho wa safari mteja akatozwa mara mbili.

Na ni mji, siyo mkoa. Hili nalipigia kelele. Mteja anakuandikia Shinyanga kumbe yuko Kahama, na basi la Mwanza linapita Shinyanga mjini halifiki Kahama, mzigo ukishuka Shinyanga anatakiwa apande gari zaidi ya saa nzima kuufuata. Mwingine yuko Makambako anaandika Njombe, wakati Makambako ipo kwenye barabara kuu na basi lolote la Mbeya lingemshushia pale pale bila kusubiri gari la Njombe. Tunduma wapo wanaoandika Mbeya mpaka leo, mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na mazoea hayaishi. Ndo maana kwenye fomu kuna mkoa NA mji unaoshushwa mzigo, vitu viwili tofauti, na kinachokwenda kwenye lebo kwa herufi kubwa ni cha pili.

Hata hapa Dar. Mtu anakuandikia "Mbezi". Mbezi ipi mpenzi? Mbezi Beach iko upande wa barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro kule kwenye stendi ya Magufuli, boda akikosea hapo amekula mafuta na muda na anakudai. Tabata nayo ni dunia nzima, Segerea, Kimanga, Kinyerezi, wote watakuandikia Tabata. Kwa mizigo ya Dar lebo yangu inabadilika, juu kabisa linakaa eneo dogo analofahamu boda na chini yake alama ya karibu, shule, msikiti, kituo cha daladala, sheli. Zile anwani za makazi zilizobandikwa kwenye nyumba zetu kwenye operesheni ya 2022 zinasaidia pia, mteja akinipa jina la mtaa na namba ya nyumba naweka, ila alama ya karibu siiondoi.

Cha kutoandika: kilichomo ndani. Usiandike "dera 3 na mashuka 2 ya hariri" nje ya mfuko unaolala stendi. Namba ya oda inatosha, wewe unajua ndani kuna nini. Na taarifa za watu tuziheshimu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, namba ya simu na jina la mtu ni taarifa zake, ile tabia ya kupiga picha mizigo yote ya leo na kuiposti status huku majina na simu za watu zinaonekana tuiache jamani. Dada zetu wanapigiwa simu usiku na watu wasiowajua. Ukitaka kuonyesha kwamba biashara inaenda, geuza mifuko, lebo ziangalie chini.

Naprinti lebo mbili kwa kila mzigo wa mkoani. Moja inabandikwa, nyingine anaondoka nayo boda mkononi, anaikabidhi kwa anayeandika kwenye kitabu cha ofisi ya basi. Printa haijaondoa kile kitabu, wataendelea kuandika kwa mkono na kukukatia risiti, ila sasa mwandishi ananakili kutoka kwenye maandishi makubwa yaliyo mbele yake, hageuzi mifuko kichwa chini akisoma makapeni iliyochujuka. Kwa wanaopeleka mizigo mingi foleni pale inapungua kabisa, na nimeona ofisi moja upande wa Shekilango wameanza kuzibandika zile lebo za pili moja kwa moja kwenye kitabu chao badala ya kuandika. Natamani na wengine waige.

Tuje kwenye udhaifu, na upo. Karatasi inayogeuka nyeusi kwa moto haichagui moto wa nani. Lebo ikiachwa juani kwenye kioo cha mbele cha gari, au mfuko ukakaa karibu na injini, stika nzima inaanza kuwa ya kijivu, na ikikaa kwenye mwanga muda mrefu maandishi yanafifia. Mafuta ya kupaka, mafuta ya kula, spiriti na vitakasa mikono vinayala maandishi. Wauza vipodozi na mafuta ya nywele mnisikilize, chupa ikivuja ndani ya mfuko lebo yenu inaondoka, funga chupa kwenye mfuko wake kwanza. Na ile ya kubandika selotepu juu ya lebo ili isiharibike na mvua, hapana, gundi ya selotepu nyingine inaila dawa ya karatasi na maandishi yanapauka taratibu, na kama una QR ule mng'ao unaisumbua kamera. Kwa safari ya basi ya siku moja mbili haina shida, ila kwa mzigo wa kukaa wiki tafuta lebo zilizopakwa kinga juu, zipo, bei yake iko juu kidogo. Mvua peke yake haifuti maandishi, inachofanya ni kulainisha karatasi mpaka ikachanika, kwahiyo bandika kwenye sehemu bapa ya mfuko, usiipitishe kwenye kona wala kwenye mkunjo.

Kichwa cha printa kinataka usafi. Vumbi la Dar na gundi ya stika vinajikusanya, unaanza kuona mstari mweupe umesimama katikati ya kila lebo. Zima, acha ipoe, futa taratibu kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke. Mstari ukibaki baada ya kusafisha, vidoti vimeungua, hapo ni kubadilisha kichwa. Usitumie kisu wala sindano kubandua stika iliyonasa humo ndani.

Kuhusu ndogo ya 58, ile ya kushika mkononi. Ni rahisi, bei yake ni chini sana ya hii kubwa, ina betri, inaingia kwenye mkoba, na kwa risiti ya mteja wa dukani au bei ya nguo ni nzuri kweli. Kwa mzigo wa basi haifai. Karatasi yake ina upana wa milimita 58 na inaprinti kama 48, huwezi kuandika MAKAMBAKO kubwa ikasomeka na mtu aliyesimama mita mbili. Rola nyingi za kwake ni za risiti, hazina gundi, unaishia kubandika na selotepu na tumeshaongea habari ya selotepu. Ipo ya katikati, ya 80, hiyo kama mizigo yako ni midogo midogo, cheni, miwani, lipstiki, kwenye bahasha ndogo, naiona inafaa, lebo ya 100 kwa 150 ni kubwa kuliko bahasha yenyewe.

Wanaotuma nje. Nina wateja Muscat na wachache Uingereza, mizigo yao inaenda kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta. Hapo lebo yangu inasaidia kwa anwani tu, maana Posta wanabandika ya kwao yenye namba ya kufuatilia, herufi mbili, tarakimu tisa, alafu TZ mwishoni. Kinachotakiwa kutoka kwako ni maelezo ya forodha, kitu gani, vipande vingapi, uzito, thamani, na taarifa hizo zinatangulia kwa mtandao kabla ya mzigo, Umoja wa Posta Duniani ulilifanya kuwa la lazima kuanzia 1 Januari 2021. Kama jedwali lako lina kolamu ya uzito na thamani tayari, unafika kaunta unasoma tu, unamaliza. Mteja wa Marekani mwambie mapema kuhusu ushuru, ule msamaha wa vifurushi vya mpaka dola 800 ulisitishwa kuanzia 29 Agosti 2025, asije akashtuka kule mwishoni akakulaumu wewe.

Faida nyingine sikuisikia kwa mtu yeyote kabla ya kununua. Anayenisaidia kufunga, binti mdogo tu, zamani kila mzigo lazima aniite, "dada huu wa nani, huu unaenda wapi". Sasa naprinti, nampa fungu la lebo zikiwa zimepangwa kwa miji, jedwali linazipanga lenyewe, anachukua lebo anasoma namba ya oda, anaangalia orodha, anafunga, anabandika, anaweka kwenye kapu la mji huo. Boda akija makapu yameshapangwa kwa mabasi. Mimi muda huo niko kwenye simu najibu wateja, na saa tatu usiku nimeshakula na watoto wangu. Kwa mwanamke anayeendesha biashara sebuleni hilo ni jambo kubwa kweli kweli, na ndo sababu nimeandika yote haya.

Bei ya printa sitaiweka kwa sababu inapanda na kushuka na dola, zungukia maduka matatu upate wastani. Piga hesabu ya lebo kuliko ya mashine, mashine unanunua mara moja, lebo unanunua milele. Pakiti nyingi za 100 kwa 150 zina lebo 500, gawanya bei kwa 500 upate gharama ya lebo moja, zidisha kwa mbili kama unaprinti mbili kama mimi, ingiza kwenye bei ya bidhaa, usiibebe wewe kimya kimya. Zipo za rola na zipo za kukunjwa kama daftari, zote zinafanya kazi, za kukunjwa zinakaa nyuma ya printa bila kishikio na hazijikunji zikitoka, mimi nazipenda zaidi kwa sababu ya kubandika haraka.

Na kabla hujalipia pakiti hakikisha ni karatasi ya moto kweli, kwa sababu kuna stika zinafanana nazo kabisa ambazo ni za printa za utepe wa wino, ukiziweka kwenye hii zinatoka nyeupe pe. Mwombe muuzaji akufungulie moja, ikune haraka kwa ukucha. Ya kwetu inaacha mstari mweusi hapo hapo, isipouacha mrudishie, nenda duka la pili.